Kisu Hufia Mpinini: Shajara ya Karakana, Dodoma

Juni, mvua zimekatika

Mezani kuna visu vitatu na panga. Cha kwanza ni cha jikoni, cha mama lishe anayepika karibu na soko la Majengo. Bapa ni la chuma cha pua, bado limenyooka, ila vibao vya plastiki vya mpini vimeyeyuka upande mmoja kwa joto la jiko la mkaa. Cha pili ni kisu kirefu cha bucha, chuma kile cheusi kinachoshika kutu upesi na kutunza makali muda mrefu. Mpini wake wa mbao umepasuka kuanzia ribiti ya katikati, kile kijiti cha chuma kinachoshika vibao, hadi mwisho, na ndani ya ufa kuna mafuta yaliyoganda. Cha tatu ni cha mzee mmoja wa Mvumi, kazi ya mhunzi, chenye msuka mwembamba, yaani ule mkia wa bapa unaoingia mpinini. Mpini hakuna kabisa. Msuka umeviringishiwa kitambaa na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Panga ni la mjomba, limelegea tu. Hilo litasubiri.

Watu wengi hapa mjini, mpini ukipata ufa, hukitupa kisu na kununua kingine cha bei ndogo kwenye meza za barabarani. Inaniuma kuona hivyo. Lile bapa la bucha limenolewa mpaka limepungua upana, na hata leo nikilipitisha kwenye karatasi linakata bila kusukumwa. Vile visu vipya vyembamba havifiki hapo hata siku ya kwanza. Kinachokufa ni mpini, nao ndio sehemu rahisi kuliko zote kubadilisha, mradi ujue kwanza umekufa kwa sababu gani.

Mama lishe aliponiletea chake alisema, "Mwanangu, we kigongee misumari tu, nikafanyie kazi." Nimemwomba anipe muda, nikamwazima kisu changu.

Siku ile ile, jioni

Nimefungua mpini wa kisu cha bucha. Vichwa vya ribiti nimevisaga kwa tupa upande mmoja, kisha nikazisukuma zitoke kwa msumari butu na nyundo. Vibao vilitoka kwa urahisi kuliko nilivyotarajia, na chini yake ndipo jibu lilipokuwa: msuka umefunikwa na kutu nene, imevimba kama ukoko wa ugali. Kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya ile ya chuma iliyoliwa. Ikizaliwa kati ya msuka na mbao, haina pa kwenda, basi inausukuma mpini kutoka ndani. Mwenye bucha alidhani kisu kilianguka. Ufa ule haukuanza kwa kuanguka.

Lakini maji ya kuzaa kutu yalipitaje? Hapa ndipo Dodoma yenyewe inapoingia. Mvua yetu ya mwaka mzima haizidi sana milimita 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ukame, na kuanzia Agosti upepo unakausha kila kitu. Mbao nayo hunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80, kama ya pwani, huiacha mbao na maji karibu asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Hewa ya asilimia 50 huishusha hadi kama 9. Katika kushuka huko mbao husinyaa kwa upana na unene. Kwa urefu karibu haibadiliki. Chuma hakisinyai. Kwa hiyo mpini uliotengenezwa pwani au nchi ya mbali yenye unyevu ukifika huku, mbao inataka kurudi ndani huku ribiti zikiishika pande zote. Inatanuka nafasi kati ya kibao na msuka, pengine unaonekana ufa mwembamba sana kwenye tundu la ribiti. Masika ijayo maji ya kuoshea, chumvi na damu vinaingia humo. Kutu inamalizia kazi.

Ndiyo maana gundi ya haraka iliyomiminwa kwenye ufa haidumu. Inaziba mdomo wa jeraha, na chini yake chuma kinaendelea kuoza.

Juni, katikati: mbao

Nimezunguka kwenye karakana za samani nikiomba vipande vinavyobaki. Sijakata mti wala sitakata. Ukataji una vibali vyake kutoka Wakala wa Huduma za Misitu, na kwa kazi ya mipini takataka za maseremala zinatosha na kuzidi.

Chaguo langu kwa visu viwili vya kwanza ni mninga. Kila mtu anaujua kwa vitanda na makabati, ila sifa yake kubwa kwa kazi hii ni kwamba husinyaa kidogo sana ukilinganisha na mbao nyingine ngumu. Mbao inayotulia ndiyo ninayoitaka mji huu. Nimeacha mkaratusi wowote niliopewa: hupasuka na kujipinda ukikauka. Mpaina ni laini mno, unakunywa mafuta na kubonyea. Mwarobaini umejaa mjini, wadudu hawaupendi, na ningeutumia kwa kisu cha nyumbani, ila kipande nilichopata bado kilikuwa kibichi. Mkwaju ni mgumu na hauvunjiki ovyo, ndio unaotengenezewa vinu na michi. Kipande chake nimekitenga kwa panga. Mpingo nimepata kijiti kilichobaki kwa mchongaji, nao nimemwekea mzee wa Mvumi.

Vipande vya mninga nimevipasua viwe vibao vya unene wa milimita 10, nikavipanga juu ya kabati vikiwa vimetenganishwa na vijiti ili hewa ipite pande zote. Kila baada ya siku kadhaa navipima kwenye mizani ndogo ya jikoni na kuandika uzito kwa penseli kwenye kibao chenyewe. Uzito ukiacha kushuka, mbao imeshapatana na hewa ya hapa. Kabla ya hapo siigusi. Fundi anayeuza mbao atakuambia ni kavu, na huenda anasema kweli kwa kazi ya kitanda, ambacho kina nafasi ya kucheza. Mpini uliobanwa kwenye chuma hauna nafasi hiyo.

Juni, mwishoni: kusafisha msuka

Kutu laini nimekwangua kwa kisu kibovu na brashi ya waya. Iliyobaki nimeilaza kwenye ukwaju mzito uliolowekwa kwa maji ya moto, msuka peke yake, bapa likiwa juu. Asidi ya ukwaju huila kutu taratibu bila kukimbilia chuma kizima, na huku kwetu ukwaju hauna shida kupatikana. Asubuhi nikasugua, nikarudisha, hadi chuma kikatoka kijivu chenye vishimo. Vishimo si tatizo, gundi itavijaza. Kisha nikasuuza kwa maji yenye magadi kidogo ili asidi isibaki, nikakausha juani papo hapo na kupaka mafuta ya mashine kusubiri siku ya gundi. Chuma cheusi kilichotoka kwenye asidi kikiachwa kibichi kinaota kutu mpya ndani ya saa chache.

Julai, baridi

Uzito wa mninga umetulia. Kazi ya kisu cha bucha imeanza.

Ribiti kwanza, maana hapa mafundi hatukubaliani. Wengi hutumia waya mnene wa shaba wa ethi, kipande kinachobaki kwa fundi umeme. Unagongeka vizuri na unapendeza. Lakini shaba na chuma vikigusana kwenye maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa, na bucha ni mahali pa chumvi na unyevu kutwa nzima. Nimetumia fimbo ya kuchomelea ya stenlesi, ya milimita 4: unaigonga ganda lake lote linadondoka, unabaki na waya safi usioshika kutu. Ni mgumu kugongwa kichwa, kwa hiyo siutegemei kama ribiti. Unakuwa kijiti cha kuzuia vibao visiteleze, na kinachoshika ni gundi ya epoksi.

Nimekibana kibao cha kwanza kwenye msuka na kukitoboa kupitia matundu ya zamani ya chuma, nikiwa nimeweka mbao chakavu chini ili tundu lisichanike upande wa kutokea. Nikatia vijiti, nikageuza, nikatoboa kibao cha pili kwa njia hiyo hiyo. Bapa limefungwa karatasi ngumu na selotepu tangu mwanzo. Kisu kilichobanwa kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, huku makali yako wazi kimekata mikono mingi ya mafundi.

Ncha za mbele za vibao, zile zinazotazama bapa, nimezichonga, nikazipiga msasa hadi namba 400 na kuzipaka mafuta kabla ya kubandika. Zikishabandikwa huwezi kuzifikia bila kulichubua bapa, na zikiachwa na kingo kali ndipo uchafu unapokusanyika.

Siku ya gundi: msuka na ndani ya vibao nimekwaruza kwa msasa namba 80, kwa sababu epoksi haishiki kwenye uso unaong'aa. Nikafuta yote kwa spiriti hadi kitambaa kikatoka cheupe. Epoksi ya mirija miwili, kiasi sawa kwa sawa, nikaikoroga hadi mistari yote ikapotea. Nikapaka pande zote mbili na ndani ya matundu pia, ili hata humo maji yasipate njia. Kubana ni kwa kiasi. Ukikaza jiliwa kwa nguvu zako zote gundi yote inatoka nje, na sehemu inabaki tupu bila wewe kujua.

Asubuhi za Julai hapa Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na epoksi kwenye baridi hugoma. Nimeibandika saa tano, jua likiwa limepanda, nikaacha kisu ndani ya chumba chenye bati lililopata joto, na sikukifungua hadi saa 24 zilipotimia. Kuharakisha kwa moto hakufai. Epoksi ya kawaida hulegea kwenye joto la nyuzi 60 na kitu, jambo ambalo lina faida yake siku ya kufungua mpini, si siku ya kuubandika.

Julai, siku mbili baadaye

Kuchonga umbo. Hapa ndipo napenda kukaa.

Mpini wa duara kamili ni kosa kwa kisu. Mkono ukiwa na mafuta, au macho yakiwa kwa mteja, vidole vinatakiwa vijue makali yametazama wapi bila kuangalia. Kwa hiyo umbo ni la yai lililobanwa, refu kwa kimo kuliko kwa upana. Unene nimeuacha kwenye milimita 20, urefu sentimita 12, na mwisho wake nimeuacha mnene kidogo na kushuka chini ili mkono usiteleze kisu kinapovutwa kutoka kwenye nyama. Mwenye bucha ana kiganja kikubwa. Nilimpa kipande cha sabuni ya mche akikamate kama anavyokamata kisu, na alama za vidole vyake ndizo nilizofuata.

Vumbi la mninga linawasha pua, na la mpingo ni baya zaidi. Kuna watu likiwagusa ngozi inatoka vipele. Barakoa si urembo. Na wanaopita karibu na mlango, hasa watoto, nawaomba wazunguke.

Mwisho wa Julai: mafuta

Mama lishe ameuliza kwa nini nisipake ya alizeti, maana yapo kila nyumba, na Dodoma na Singida ndiko yanakotoka. Swali zuri. Mafuta ya alizeti hayakauki vya kutosha. Yanabaki yakinata, yanashika vumbi, na baadaye yananuka. Ya kitani, yanayouzwa madukani kwa wauza rangi kwa jina la linsidi, hushika oksijeni ya hewa na kugeuka kuwa tabaka gumu ndani ya mbao. Napaka tabaka jembamba, naacha dakika 20, nafuta yote yanayobaki juu, narudia kesho yake. Mwisho nta ya nyuki kutoka Itigi, iliyoyeyushwa pamoja na mafuta hayo hayo, sehemu moja ya nta kwa nne za mafuta.

Na hili naomba lisomwe na kila mtu: kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa kwenye ndoo kinaweza kuwaka chenyewe. Kukauka kwa mafuta hayo kunatoa joto, na kwenye mkunjo joto halina pa kutokea. Vyangu navitandaza juu ya waya nje, vikikauka vigumu ndipo navitupa.

Agosti: kisu cha mama lishe

Hiki kimeenda haraka. Plastiki nimeivunja, msuka ulikuwa safi, matundu yapo. Mninga tena. Tofauti ni mkono: wake ni mdogo, na anakata vitunguu na nyanya tangu alfajiri, kwa hiyo nimeshusha unene hadi milimita 17 na kuzungusha mgongo wa mbele, pale kidole cha shahada kinapolala. Alikuwa na sugu mahali hapo kutokana na kingo ya ile plastiki. Nimempa masharti mawili: kisiwekwe ukingoni mwa jiko, na kisilale kwenye beseni la maji. Kuosha na kufuta papo hapo hakuna ubaya wowote.

Alikishika, akakizungusha, akasema, "Hiki sasa kimenijua." Akaondoka nacho bila hata kusubiri mfuko.

Agosti, upepo: kisu cha mzee wa Mvumi

"Mbukwa, babu," nikamsalimu kwa Kigogo. Akaitikia, akakaa kwenye kigoda, akataka kuona kila kitu. Mpini wa kwanza ulikuwa wa pembe, na anataka pembe.

Nimemwonyesha shida yake. Pembe ni keratini, dutu ile ile ya kucha, na ng'ombe wetu wa asili ni zebu wa pembe fupi. Sehemu iliyojaa bila uwazi ni ya nchani tu, haitoshi mpini mzima wa kuzamisha msuka. Nchi wanakofuga ng'ombe wa Ankole wenye mapembe makubwa mambo ni mengine. Tumekubaliana: mpingo kwa mwili wa mpini, pembe kwa kitako. Pembe nilikuwa nimeipata machinjioni, nikaichemsha hadi kiini cha mfupa kikachomoka, nikaiacha ikauke kivulini wiki kadhaa. Ukiikata kwa msumeno inanuka nywele zilizoungua, basi fanya nje.

Mhunzi angeupasha msuka moto na kuuchomea njia ndani ya mbao. Njia hiyo inafaa kwa mbao nyingi, lakini mpingo hupasuka kwa joto la ghafla, tena tabaka la mkaa linalobaki ndani ni laini na baadaye msuka unacheza. Nimetoboa matundu mawili membamba yanayokaribiana, nikayaunganisha kwa kipande cha msumeno wa chuma nilichokinoa, nikipima msuka kila mara hadi ukaingia wima bila kulazimishwa. Mbele nimevalisha noleo, pete ya kubana mdomo wa mpini, la bomba la shaba lililobaki kwa fundi viyoyozi, limegongwa taratibu liwe na umbo la yai. Bila noleo, mpini wa msuka mwembamba hupasuka siku ya kwanza unapobinya kwa nguvu. Kitako cha pembe kimeungwa kwa kijiti cha mpingo kilichozama pande zote mbili.

Kwa kujazia tundu sikutumia epoksi. Nimeyeyusha sehemu nne za utomvu mkavu wa msonobari, moja ya nta na moja ya vumbi laini la tofali, kwa moto mdogo kabisa kwa sababu utomvu unawaka. Nikamimina, nikaupasha msuka kidogo na kuusukuma, bapa likiwa limezungushiwa kitambaa kibichi ili makali yasipoteze ugumu wake. Hiyo ndiyo gundi ya visu vya zamani. Haifai kisu kinacholala kwenye maji ya moto, inalainika. Ila kisu cha mzee kinachinja mbuzi na kukata ngozi, na siku mpini ukichoka mjukuu wake ataupasha, ataufungua, ataweka mwingine bila kuharibu chochote.

Mpingo una mafuta yake wenyewe na ni mzito kiasi cha kuzama majini, hivyo haukuhitaji zaidi ya msasa na nta. Kisu sasa kinaelemea mkononi. Kwa bapa fupi kama lile ni sawa.

Septemba

Panga: misumari minne minene ya chuma laini iliyokatwa, washa (visahani vya chuma vyenye tundu) pande zote, vibao vya mkwaju, epoksi, basi. Mjomba amelichukua kwenda shambani kwake Hombolo.

Nimepita bucha kuangalia. Upepo wa Agosti wote umepita juu ya mpini ule na nimejaribu kupenyeza wembe kati ya mbao na chuma kuanzia mbele hadi mwisho: hauingii popote. Kipimo chenyewe hasa ni Januari, mbao itakapoanza kunywa unyevu na kuvimba, basi nitarudi na wembe ule ule. Mwenye bucha amenikabidhi visu vingine viwili, vyote vimepasuka kwenye ribiti ya katikati. Mninga uliobaki unatosha kimoja. Leo nimepata kipande kingine, nimekipasua na kukipandisha juu ya kabati na uzito wake wa kwanza umeandikwa: gramu 214.